Nzuri, Ila

Ipo nchi iitwayo Keshokutwa, na msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yake bado iko kwa mchapaji na itatoka siku hiyohiyo ambayo nchi imepewa jina lake. Ni nchi ya amani na subira. Maji ya bomba hutoka keshokutwa, daraja litamalizika keshokutwa, na mbunge akirudi zake mjini huwaaga wapiga kura wake kwa kuwaambia wataonana keshokutwa. Nao humpigia makofi, maana hawaoni sababu ya kumshuku mtu aliyetaja siku kabisa.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo kuna jumba lenye nguzo nyingi kuliko vyumba, na ndani ya jumba kuna Mizani ya Taifa. Hapo mwanzo ilikuwa mizani ya kupimia pamba. Pamba ilipoadimika, serikali ikaona ni aibu kuacha chuma kizuri namna ile kikae bure, ikaanza kupimia vijana.

Utaratibu wake hauna kona. Kijana anayetaka kwenda chuo kikuu huletwa na mzazi wake mbele ya mizani. Kwenye kitanga cha kushoto hupangwa mawe ya chuma: jiwe la ada, jiwe la chumba, jiwe la chakula, jiwe la riba, jiwe la faini ya kuchelewa kulipa, ambalo huwekwa mapema lisije likasahaulika, na kijiwe kidogo cha ushuru wa kupimwa. Hilo ndilo deni. Kwenye kitanga cha kulia huwekwa gunia la Matarajio, yaani kile ambacho kijana atakipata akishahitimu. Gunia likiyazidi mawe, kengele hulia, kijana hupewa mkopo, na mali ya mzazi hubaki jumbani kuwa dhamana.

Kila shahada ina gunia lake. Gunia la Historia limefungwa kamba kwenye mguu wa meza lisipeperushwe na feni. Gunia la Ualimu liliazimwa na Wizara ya Kilimo na halijarudi. Lakini gunia la Sayansi ya Kompyuta ndilo fahari ya taifa. Lilijaa, likapita mdomo, likaongezwa kichwa cha lumbesa kilichoshonewa kwa wavu, kama yale magunia ya vitunguu ambayo serikali hiyohiyo huwakamata wafanyabiashara kwa kuyajaza kupita kiasi. Gunia hilo halijawahi kushindwa na deni la mtu yeyote.

Aliyelijaza ni binti mmoja mpole, jina lake Sikudhani.

*

Sikudhani alikuwa na shahada ya kompyuta, na ndiyo maana ofisi ya Mizani ilimchukua. Kompyuta ya ofisi ilikuwapo, juu ya meza ya mninga, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Haikuruhusiwa kuwashwa kabla haijazinduliwa, na uzinduzi ulikuwa keshokutwa. Kazi ya Sikudhani asubuhi ilikuwa kukung'uta kile kitambaa. Baada ya hapo alikabidhiwa simu.

Ajira yake nayo ilikuwa ya kutarajiwa. Mshahara ulikuwa njiani. Makato ya deni lake la chuo, yenyewe, yalikuwa yameshafika, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi mhasibu alimwita na kumwonyesha kiasi anachodaiwa na ofisi kwa kuifanyia kazi. Sikudhani alisema asante. Alikuwa mtu wa kusema asante hata akikanyagwa, na akishasema hujiuliza kama ameisema kwa sauti ya kutosha.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwapigia simu waliohitimu kompyuta ili serikali ijue wanapata kitu gani. Mwanzoni waliulizwa mshahara. Wahitimu walichukia, mmoja akauliza anayepiga ni nani na amelelewa wapi, na Mpimaji Mkuu akatoa mwongozo kwamba kumuuliza mtu mshahara wake si utamaduni wetu. Badala yake likatungwa Swali la Taifa, ambalo lingeweza kuulizwa na mtu yeyote mwenye adabu. Swali lilikuwa: Habari za kazi?

Atakayejibu "nzuri", mwongozo ulisema, atiliwe kopo moja la mchanga kwenye gunia. Na mpiga simu akate hapohapo, kwani salio la simu ni mali ya umma.

Sasa huko Keshokutwa, kama kwingine ambako watu wamelelewa, hakuna mtu anayeulizwa habari akajibu mbaya. Mtu anaweza kuwa nyumba yake inaungua, atasema nzuri, halafu ndipo aombe ndoo. Hivyo wahitimu wote walijibu nzuri, na gunia likajaa.

Sikudhani hakuweza kumkatia mtu simu. Moyo haukumruhusu. Akawa anabaki kwenye laini akisikiliza kilichokuja nyuma.

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri, dada, tunashukuru. Ila kazi yenyewe ndiyo sijapata. Nauza makava ya simu hapa stendi."

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri tu. Ila ni ya kujitolea, na nauli natoa mimi. Mume wangu anasema bora ningekaa nyumbani, tungeokoa."

"Habari za kazi, kaka?"

"Nzuri sana. Ila bosi kahama. Hujamwona huko mjini? Ana gari jeupe."

Wote aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliwapa pole kwa majina yao, mmoja mmoja, na mara mbili tatu alilia nao. Halafu alikwenda uani, akachota kopo la mchanga, akamimina kwenye gunia, kwa sababu nzuri ilikuwa imesemwa na mwongozo haukuwa na mahali pa kuliweka neno ila. Usiku wa kuamkia siku za kupima hakulala vizuri. Huruma yake yote ilikuwa masikioni; mkononi haikufika.

Siku moja alijikaza akaenda kwa Mpimaji Mkuu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Mwinyigogo, kumweleza. Alisimama mlangoni akipangua na kupanga maneno.

"Karibu, binti," alisema Mheshimiwa. "Habari za kazi?"

"Nzuri, Mheshimiwa," alisema Sikudhani.

Mheshimiwa alifurahi mno. Alitoka mwenyewe mpaka uani na suti yake, akamtilia kopo.

*

Ijumaa moja, Sikudhani alikwenda kumsalimia mama yake mdogo, Bi Kibibi, aliyemlea tangu mama yake mzazi afariki. Bi Kibibi alikuwa na friji. Ilikaa sebuleni, mahali ambapo kwa wengine hukaa kochi la wageni, kwa sababu ndiko kulikokuwa na soketi. Ndani yake aligandisha barafu za ubuyu na ukwaju kwenye vifuko vidogo vya nailoni, na watoto wa mtaa mzima walijua muungurumo wa friji ile kuliko sauti ya mwalimu wao. Barafu hizo ndizo zilizomlipia Sikudhani shule. Juu ya friji, ndani ya fremu ya dhahabu ya kuigiza, ilining'inia picha yake amevaa joho, ametabasamu kama mtu anayeomba radhi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri."

Ilitoka yenyewe, kama kikohozi.

Havijawa, binti wa Bi Kibibi, alikuwa amekaa chini akifunga vifuko vya ubuyu, vidole vyekundu mpaka kwenye kucha. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na kichwa chake kilikuwa chepesi. Ndiye aliyewatengenezea majirani simu zao zilizogoma, akidai malipo ya kusifiwa tu. Aliinua uso.

"Dada Siku, wanakulipa?"

"We Havijawa," alisema mama yake. "Mtu mzima haulizwi hivyo. Si ameshasema nzuri?"

"Nzuri siyo hela, mama."

"Na wewe ukiulizwa habari za shule ulikuwa unataja maksi?"

"Zile za hesabu nilikuwa nataja."

"Kwa sababu ulikuwa hujui kuficha. Funga barafu."

Bi Kibibi alijifuta mikono kwenye kanga, akamgeukia Sikudhani, na sauti ikashuka.

"Jumatatu nampeleka kupimwa. Anataka hiyohiyo yako, kompyuta. Mimi sizijui. Naona watu wanazitazama mchana kutwa, jioni macho yanawauma. Lakini wewe uko ndani kule, unaona. Dhamana nina hii friji tu, mwanangu, sina kingine. Kama ni jambo la nisipeleke, useme."

Sikudhani alifungua kinywa. Friji ilikuwa ikiunguruma. Havijawa alikuwa ameacha kufunga na anamtazama, na picha ile ya joho nayo inamtazama, na Bi Kibibi amekaa kwa namna ya mtu ambaye amekwisha kuamini na anangoja kuamini tena.

"Ila..." alisema Sikudhani.

"Ila nini?"

"Ila mwifunge vizuri na kamba. Barabara ya jumbani ina mashimo."

"Hapo umesema," alisema Bi Kibibi, akainuka kumtafutia barafu ya ukwaju, ile kubwa, ya kumpa mgeni.

*

Jumatatu jumba lilijaa. Bendi ya Mizani ilikuwa imevaa sare mpya na ina maagizo mepesi: kitanga kikianguka, pigeni.

Friji ya Bi Kibibi ililetwa na mkokoteni, ikasimamishwa chini ya nguzo ikiwa na mzigo wake wote wa barafu, kwani mwenyewe alitaka dhamana yake ionekane kitu. Aliomba ichomekwe. Karani alimweleza kwa heshima kwamba jumba lina soketi moja, na imehifadhiwa kwa ajili ya ile kompyuta itakayozinduliwa.

"Basi tusichelewe," alisema Bi Kibibi.

Mheshimiwa Mwinyigogo alipanda jukwaani.

"Ndugu wananchi," alisema. "Dunia imekuwa kijiji. Kijiji kimekuwa kompyuta. Kwa hiyo dunia ni kompyuta, na asiyesoma kompyuta anaishi wapi? Nawauliza."

Hakuna aliyejua.

"Nchi nyingine zinahangaika kuhesabu kazi zilizopo. Sisi tulishavuka hapo. Tunahesabu zile ambazo hazipo, na nawahakikishia ni nyingi zaidi. Nimezisoma mwenyewe. Kuna wanaosema deni ni zito. Zito kwa nani? Je, deni limewahi kulalamika?"

Aliendelea. Alieleza historia ya pamba. Alieleza historia ya nguzo. Chini ya friji kikatokea kijito chembamba chekundu cha ubuyu, kikafuata mteremko wa sakafu kama kinajua kinakokwenda.

Bi Kibibi alikiona. Alifungua mlango wa friji, akagusa, akatikisa kichwa. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha kitu kiharibike watu wapo, akaanza kugawa. Aliwapa wazazi wa mstari wa mbele, akawapa wapiga tarumbeta, akampa na askari wa mlangoni, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kuificha kwenye kofia. Alimfikia Sikudhani, aliyekuwa amesimama kando ya gunia kama kazi yake ilivyomtaka.

"Shika, mwanangu," alinong'ona. "Umesimama muda mrefu. Inyonye kabla haijawa maji."

Sikudhani aliishika. Ilikuwa baridi, na laini kwa nje, na hakuweza kuinyonya wala kuitupa. Maji yake yalimtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

Mawe yakapangwa kushoto. Gunia la Kompyuta likaletwa kulia na wanaume wenye nguvu. Kitanga kikashuka kwa mshindo, kengele ikalia, bendi ikapiga, Bi Kibibi akapiga vigelegele. Havijawa peke yake hakushangilia. Alikuwa anautazama mchanga uliochungulia kwenye matundu ya wavu.

"Na leo," alisema Mheshimiwa akishuka jukwaani, "ili mzazi huyu alale usingizi, tunaye shahidi aliye hai. Binti aliyesoma shahada hiyohiyo, tena, nimeambiwa, mtoto wa nyumba hiyohiyo. Sikudhani, sogea. Waambie wananchi. Habari za kazi?"

Barafu ilikuwa imekwisha kuwa maji mkononi mwake, na kifuko kimelegea. Bi Kibibi alikuwa anatabasamu na kutikisa kichwa kidogo kidogo, kama alivyofanya zamani Sikudhani akisoma risala mbele ya wazazi, ili asisahau maneno.

"Nzuri," alisema Sikudhani.

Mheshimiwa alishageukia makofi.

"Ila."

Hakulisema kwa nguvu. Makofi yaliendelea kidogo, yakachanganyikiwa, yakakoma. Tangu jumba lile lijengwe, hakuna mtu aliyewahi kulifikisha neno hilo hadi mbele ya mizani, na karani alipekua mwongozo wake akitafuta linapokaa.

"Ila ni nzuri ya salamu, Mheshimiwa," alisema Sikudhani. "Sijalipwa tangu nianze. Ninadaiwa."

"Binti ana furaha, amechanganyikiwa," Mheshimiwa aliwaambia wananchi, na akashika historia ya nguzo pale alipoiachia.

Sikudhani hakuwa na sauti ya kushindana naye. Lakini kopo alikuwa nalo. Lilining'inia ubavuni mwa gunia mahali pake pa siku zote. Akafungua wavu. Hakuna aliyemzuia, maana kila mtu ofisini alijua gunia ni kazi yake, na kumzuia mtu asifanye kazi yake kulihitaji kibali.

Akachota kopo moja, akalimwaga sakafuni. "Hili ni langu," alisema.

Mizani haikutikisika.

Akachota la pili. "Huyu anauza makava ya simu stendi." La tatu. "Huyu anajilipia nauli." Lingine. "Huyu bosi wake alihama." Aliwajua wote kwa sauti zao. Alimwaga yule aliyerudi kuchunga mbuzi wa baba yake, na yule anayewafundisha watoto wa tajiri kucheza gemu, na yule aliyesema nzuri akashindwa kumalizia. Mikono yake ilikuwa imeshayazoea makopo yale kwa kwenda, ikayajua na kwa kurudi. Mchanga ulianguka kwenye maji ya ubuyu ukafanya tope jekundu, na viatu vya Mheshimiwa vikaanza kuzama ndani yake pole pole.

Kutoka mlangoni ikasikika sauti ya kukohoa. Askari alikuwa amevua kofia, barafu imemmwagikia usoni.

"Samahani, afande mkubwa," alisema. "Na mimi nipo humo. Nilisema nzuri ya salamu."

"Naikumbuka sauti yako, kaka," alisema Sikudhani. "Uliniambia una mtoto mchanga." Akachota.

Kichwa cha lumbesa kikaisha. Gunia likajikunja mdomo. Mizani ikatetemeka, ikafikiri, kisha mawe ya deni yakashuka kwa kishindo hata vumbi la pamba ya zamani likadondoka kutoka darini. Bendi iliona kitanga kimeanguka. Ikapiga kwa nguvu zake zote.

*

Serikali ya Keshokutwa haina pupa. Upimaji uliahirishwa hadi siku inayojulikana. Likatoka tangazo kwamba Swali la Taifa libaki kama lilivyo, na kwamba wananchi wote wenye ila waziwasilishe kwenye dirisha maalumu, ambalo litajengwa.

Sikudhani alitakiwa kufukuzwa kazi, lakini ikagundulika kwamba hajawahi kuajiriwa. Basi akaajiriwa kwanza, kwa barua yenye mihuri, akapongezwa, akapewa mkono, kisha akafukuzwa kabla chai haijapoa. Mshahara wa muda ule ulilipwa papo hapo, wa kwanza maishani mwake. Mhasibu akaukata deni.

Yote hayo hayakumuuma. Kilichomuuma kilikuwa pale chini ya nguzo, watu walipotawanyika, Bi Kibibi amepiga magoti anapangusa ndani ya friji tupu kwa upande wa kanga yake.

"Siku," alisema bila kugeuka. "Hilo neno, Ijumaa ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo, mama mdogo."

"Ulipokuja kwangu."

"Ndiyo."

"Barafu zikiwa ngumu."

Bi Kibibi alifunga mlango wa friji, ukafunga vibaya, akaufunga tena. Hakumfokea. Afadhali angefoka.

Havijawa ndiye aliyeshika upande wa pili wa kamba walipokuwa wanaifunga friji kwenye mkokoteni. Alifunga mpaka fundo la mwisho.

"Dada, hao uliowapigia," alisema. "Yupo aliyesema nzuri akaishia hapo, bila ila?"

Sikudhani alifikiri. Hakutaka kukosea tena, hata kwa kumpendeza mtu, na hata kwa kumtisha.

"Wapo," alisema. "Wachache. Gunia halikwisha lote, uliona. Mchanga uliobaki chini ni wao."

"Unawakumbuka?"

"Mmoja mmoja."

"Nipe majina. Nataka nikawaulize walifanyaje, na wanalipwa ngapi."

"Watakuona huna adabu."

"Wataniona," alisema Havijawa. "Mimi kompyuta naitaka, dada. Nataka kujua inaniuzia nini tu. Nikishajua, nitakwenda au sitakwenda, ila friji ya mama haitoki tena sebuleni."

Zilipita siku ambazo Bi Kibibi hakupiga simu, na Sikudhani hakuthubutu kumpigia. Alikaa chumbani kwake akitazama simu, yeye aliyepigia nchi nzima. Alitunga maneno ya kuomba msamaha, akayafuta, kwa sababu yote yalianza kwa salamu.

Jioni moja ikaita.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Nyuma yake friji iliunguruma, na mtoto alikuwa akibisha hodi anataka ya ukwaju. "Habari za huko?"

"Nzuri," alisema Sikudhani, na mara akang'ata ulimi.

Bi Kibibi hakukata. Alimwambia mtoto asubiri. Salio lilikuwa likienda, lake mwenyewe, la barafu, na yeye amekaa tu kwenye laini, anahema taratibu, hana haraka.

"Ila?" aliuliza.